Mbio za Semeni

Kalinga alifuga mbwa wa kuwindia nguruwe pori huko Kalenga, nje ya mji wa Iringa, na hakuwahi kumpapasa hata mmoja. Kitoto cha mbwa kisichonyonya kwa nguvu kilizamishwa ndooni siku ya tatu. Wanunuzi walimwamini kwa desturi yake moja: mbwa wake hawakuuzwa kwa maneno, walikimbizwa mbele ya mnunuzi mpaka korongoni na kurudi.

Ng'ombe hakuwa naye. Shemeji zake walimwita Baba Mbwa, na hilo lilimchoma kila walipokutana.

Mwaka 1956 dume lake bora, Semeni, alianza kukohoa na kuchoka njiani. Alikuwa amekaa msimu mzima Madibira, kwenye majaruba ya mpunga, mbu wakimla. Bwana mifugo Joachim alipasua moyo wa mbwa mwingine aliyekufa, akamwonyesha Kalinga minyoo myeupe, mirefu kama tambi, imejazana humo.

"Huletwa na mbu," alisema. "Kule bondeni ungemlaza Semeni ndani penye moshi, pengine angesalimika. Sasa namchoma dawa, nayo ni sumu. Minyoo ikifa, vipande vinakwenda mapafuni. Akikimbia, vinaziba. Mfunge mwezi mzima, mzee. Hata kuruka asiruke."

Siku ya kumi na mbili akaja Jailos, mkulima wa Madibira, akiswaga mtamba mwekundu kwa safari ya siku tano.

"Semeni namjua, alinifukuzia nguruwe mwaka jana. Mtamba huyu kwa mbwa yule. Ila nimwone mbio kwanza, kama desturi yako."

"Amepumzishwa. Njoo mwezi ujao."

"Mpunga unachanua, wewe! Na nguruwe niwaambie waje mwezi ujao? Kasian wa Ifunda naye ana mbwa, tena hana maringo."

Evarista, mke wa Kalinga, aliinua kichwa kwenye jiwe la kusagia. "Baba, bwana mifugo alisemaje?"

"Bwana mifugo atanipa mtamba?"

Alimkagua Semeni. Manyoya yanang'aa, chakula anamaliza, kikohozi kimepungua. Siku kumi na mbili si haba, na korongo si mbali. Akafungua kamba, akapiga mluzi.

Semeni alikwenda na kurudi, mkia juu. Jailos akanyoosha kamba ya mtamba. Kalinga akanyoosha mkono.

"Mara moja tu tena," Jailos akasema, "nishibe macho."

Angeweza kukataa. Lakini mbwa wa Kalinga kushindwa mzunguko wa pili? Akapiga mluzi.

Safari hii Semeni alirudi akitembea. Alisimama katikati ya uwanja, miguu ya mbele imetanuka, akakohoa povu lenye damu, akaanguka ubavu. Kalinga alimgusa kwa ncha ya mguu. Akampigia mluzi tena. Mkia ukatikisika mara moja, basi.

"Ulitaka kuniuzia mzoga!"

"Chukua madume mawili madogo."

"Wakue lini? Nguruwe watakuwa wameshavuna."

Jailos akaviringa kamba mkononi, akashika njia ya Ifunda. Kalinga akamfuata nyuma, akiongeza: watatu, wanne, na jike lenye mimba. Walipofika njia panda alikuwa ameshataja mbwa wote alio nao. Jailos hakugeuka. Mtamba ndiye aliyegeuka, akavutwa kamba, akaenda.