Mpiga Kasia wa Elila na Kaburi Alilolitafuta

Wasomaji wangu, mpiga kasia wa kivuko cha Elila amefariki. Homa ilimchukua kwa siku tatu, tukamzika hapa Kindu Ijumaa baada ya sala, kwenye udongo mkavu, mbali na maji aliyoyatumikia tangu utotoni. Sikuwa ndugu yake. Nilimkuta zamani nikielekea Kalima kutafuta kazi ya kuchimba, nikabaki kivukoni pake miezi miwili kwa sababu ya maswali niliyokuwa nayo juu ya mto tu.

Mto Elila hauna upole wa Lualaba. Unazaliwa katika milima ya Itombwe, kwenye baridi na mianzi, kisha unateremka kwa hasira, mwamba hadi mwamba, ukipasua msitu mpaka unajitupa kwenye mto huo mkubwa, kaskazini ya mji wetu. Wageni hukosea kwa kutazama anga iliyo juu ya vichwa vyao. Watu wa kivuko hutazama maji. Huku bondeni mianzi ile haioti. Majani yake membamba yakianza kupita majini, mvua imepiga milimani na mafuriko yako njiani. Siku hiyo havuki mtu, hata bibi harusi hulala ng'ambo. Mara ya kwanza nilimcheka: “Papa, jua kali hivi, unaogopa majani?” Akanijibu, “Wewe uliacha masomo mbio sana. Ikala hapa, uangalie.” Kabla ya adhuhuri gogo refu kuliko nyumba lilipita mbele yetu likirukaruka kama mbuzi.

Wakati wa vita, watu wenye bunduki walimchukua mdogo wa mpiga kasia abebe mizigo, wakampiga risasi aliposhindwa kutembea. Wabebaji waliotoroka walileta habari. Mahali alipozikwa hawakupajua. Siku chache baadaye kundi lile lile likarudi kivukoni. Mkubwa wao akauliza, “Ee muzee, maji iko namna gani?” Majani ya mianzi yalikuwa yakipita mbele ya viatu vyake. Rafiki yangu alihakikisha kwanza kwamba hapakuwa na mateka kati yao. “Maji iko vile munaona, mukubwa,” akasema, akawaachia mitumbwi yote miwili. Waliopanda hawakufika. Mkubwa wao alibaki ukingoni kungoja zamu ya pili, na alipoanza kupiga kelele, mpiga kasia alikuwa ameshazama msituni. Nilimuuliza kama alijuta. “Kitu kimoja tu,” alisema. “Ule mukubwa hakupanda.”

Mkubwa huyo anaishi nasi mjini leo. Ana nyumba ya ghorofa, na kwenye sherehe hupewa kiti cha mbele. Miaka yote rafiki yangu alituma watu kumuuliza mdogo wake amelala wapi, apate kumsomea dua. Jibu lilikuwa moja: vita ilishaisha. Tumezoea jibu hilo Maniema. Waliofanya ndio wanaotuhimiza kusahau, nasi tunawaitikia kwa sababu wana magari.

Jana mkubwa huyo alikuja kwenye matanga na gunia la mchele wa Kibombo, akasimama kusema. “Marehemu alikuwa mutu wa amani…”

“Mudogo wetu mulimuacha wapi?” dada wa marehemu akamkata, birika la chai mkononi.

“Mama, ile njo mambo ya zamani.”

“Hapana, njo mambo ya leo. Wapi?”

Mwanamke wa pili akauliza, wa tatu, kisha mkeka mzima. Hakuna aliyeinua sauti. Mkubwa alitazama mlango, wanaume walikuwa wameketi pale, nami nikiwa mmoja wao, na hatukusogea. Hatimaye akasema: kando ya njia ya Kalima, kwenye kichuguu, karibu na kijito cha pili.

Wako watakaokuja kusema tumsamehe, kwa kuwa amesema. Mimi nimejifunza hivi: kuomba msamaha kabla ya kuonyesha kaburi ni wizi wa pili, na kuonyesha kwa mdomo hakutoshi. Dada alimrudishia gunia lake.

“Kesho asubuhi tunaenda,” alimwambia. “Jembe utashika weye.”