Kibuyu Kutoka Nkoma

Pale Somanda, mjini Bariadi, Milembe hajulikani kwa uzuri wala kwa ukali. Anajulikana kwa kinyaa. Akienda msibani hubeba kijiko chake mkobani, kimefungwa kwenye leso. Akipewa maji kwa jirani hukigeuza kikombe kwenye mwanga, hukitazama, halafu husema, "Asante, nimetoka kunywa sasa hivi nyumbani." Watu wamemzoea. Wanamcheka, lakini mtindi wake wanaununua, maana mtu anayeogopa uchafu namna ile hawezi kumlisha mwenzake uchafu.

Na huo mtindi ni kazi. Maziwa huletwa na Mashimba kwa baiskeli, kwenye madumu ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, na hapo ndipo Milembe huanza kukunja pua. Ndani ya maziwa amewahi kukuta unyoya wa ng'ombe, nusu ya nzi, na siku moja kitu cheusi ambacho hakutaka kukijua. Huyachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, huyachemsha mpaka yaumuke, kisha huyaacha yapoe. Wengine hupima joto kwa kuchovya kidole. Kidole cha mtu ndani ya maziwa! Yeye hudondosha tone juu ya kifundo cha mkono, kama anayepima uji wa mtoto. Likiwa vuguvugu tu, huweka mbegu, yaani vijiko viwili vya mtindi wa mara iliyopita, hukoroga taratibu na kufunika.

Mbegu hiyo anailinda kama mwana. Aliianza kwa kikopo kidogo cha mtindi wa dukani usio na sukari wala rangi, na tangu hapo kila akitengeneza huweka akiba kwenye chupa ya jamu aliyoichemsha. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifungua. Klementina, jirani wa mlango wa pili, aliwahi kuja kuomba mbegu na kikombe kinachonuka dagaa.

"Klementina, hiki kikombe umekiosha?"

"Nimekiosha! Mama Scola, pua yako ni ya mbwa?"

"Na haya magamba?"

"Magamba gani? Hilo ni gamba moja tu."

Milembe alimpa mbegu ndani ya kikombe chake mwenyewe, na kikombe hicho hakukidai tena mpaka leo.

Baada ya kuweka mbegu, sufuria inahitaji joto kwa usiku mzima, na jiko lake lina mende. Mende! Milembe aliwahi kuinua mfuniko asubuhi akakuta mmoja amekaa ukingoni, anapangusa masharubu. Tangu siku ile sufuria huifunga kwa taulo, kisha kwa blanketi, na kuilaza mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mende hathubutu: kitandani, kati yake na mumewe. Masunga, fundi baiskeli, mwanaume mnene asiye na neno, amezoea kulala bila kujigeuza.

Kinyaa chake hakikuanzia mjini. Milembe alizaliwa Lalago, katika nyumba yenye ng'ombe wengi, na bibi yake alisafisha vibuyu vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe, kama walivyofanya majirani wote. Kazi ya kuukinga ule mkojo ilikuwa ya Milembe. Alfajiri alisimama na kopo nyuma ya ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe, akisubiri. Siku moja ng'ombe yule alikohoa. Aliyewahi kusimama nyuma ya ng'ombe anayekohoa anajua kinachotoka na kinakofika. Kwa Milembe kilifika mdomoni. Alikuwa na miaka saba. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasuuza kibuyu kwa kilichobaki kwenye kopo, akakifukiza moshi, akamimina maziwa, na baada ya siku mbili akampa mjukuu wake anywe. Alikunywa, kwa kuwa fimbo ilikuwa karibu. Sasa ana miaka arobaini na minane, na tangu siku hiyo maziwa ya kibuyu hayajapita kooni mwake.

Ndiyo maana Scola, binti yake mkubwa, alipoleta habari Jumatano ya wiki ile, Milembe alikaa chini.

"Mama yake Maduhu anakuja Jumamosi kutoka Nkoma," Scola alisema, akiwa bado kwenye cherehani yake. "Anakuja na baba mdogo Mabula. Anataka kuiona nyumba yetu kabla ya mazungumzo ya posa. Na mama, analeta kibuyu."

"Cha nini?"

"Cha maziwa. Mama, tafadhali. Unakumbuka Kiloleli?"

Milembe alikumbuka. Miaka miwili iliyopita walikwenda Kiloleli kwa wazazi wa kijana mwingine. Alipoletewa samaki alikataa, kwa sababu alikuwa amemwona kuku akitembea juu ya chungu. Alisema ana vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemwamini. Wenyeji walisema wamedharauliwa, na baada ya mwezi yule kijana akaacha kupiga simu. Scola hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja. Alikonda tu. Na sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, akimpenda huyu Maduhu kwa namna ambayo hata kipofu angeiona.

"Fundo moja tu, mama," Scola alisema. "Usipokunywa maziwa yao, watajua umewakataa wao."

"Nitakunywa," alisema Milembe, na mate yakamjaa mdomoni, mate yale mabaya yanayotangulia kutapika.

Wageni walifika saa nne asubuhi kwa pikipiki. Nyamizi, mama yake Maduhu, alikuwa mwanamke mrefu, kitenge kimepigwa pasi mpaka kikasimama. Kibuyu kilikuwa kimefungwa kwa kanga, naye alikuwa amekibana kwapani. Njia yote kutoka Nkoma, kwa vumbi lile na jua lile, kwapani! Mdomo wa kibuyu ulizibwa kwa gunzi la mahindi, na kuzunguka gunzi maziwa yalikuwa yametoka na kukauka, yakafanya ukoko wa manjano kama ule wa sikio la mtoto mgonjwa.

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Walikaa sebuleni, Masunga akiwa kando ya mkewe. Mabula, shemeji yake Nyamizi, alikuwa mzee mkimya mwenye sharubu nene, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kula tu. Scola aliwamiminia wageni mtindi wa mama yake, mzito, mweupe, umeganda vizuri. Nyamizi naye alichomoa gunzi. Lilitoa mlio wa kunyonya. Akammiminia Milembe kikombe tele, na madonge yakaanguka moja moja, plop, plop, huku harufu ya moshi ikijaa chumbani na nyuma ya moshi harufu nyingine, ile, ile ya nyuma ya ng'ombe mwenye baka jeupe.

"Nimeyachemsha haya," alisema Nyamizi. "Maduhu aliniambia mama yake Scola anaogopa magonjwa. Nikasema haya, nitachemsha, ingawa utamu unapungua."

Hapo Milembe akanyang'anywa kisingizio alichokuwa amekiandaa tangu Jumatano.

"Na kibuyu?" aliuliza, kabla hajajizuia.

"Nimekisafisha mwenyewe."

"Kwa maji?"

Nyamizi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anatembea kwa miguu. "Maji yanaozesha kibuyu, mayu. Si nasikia wewe umezaliwa Lalago?"

Scola, aliyesimama na sinia, alimkanyaga mama yake mguu. Milembe akakiinua kikombe. Donge moja lilikuwa limeng'ang'ania ukingoni, na ndani yake kulikuwa na chembe ya mkaa. Akakishusha. Akajisemea, nitahesabu mpaka tatu.

Ni Masunga aliyeharibu mambo, kwa nia njema. Aliona mkewe amekishusha kikombe, akataka kuwachangamsha wageni.

"Kunyweni, wakwe, kunyweni!" alisema kwa furaha. "Mtindi huo nimeulea mimi mwenyewe. Umelala ubavuni kwangu usiku kucha, chini ya blanketi langu. Sijajigeuza hata mara moja! Asubuhi nimeamka jasho linatiririka, lakini mtindi, angalieni, umeganda kama maini!"

Nyamizi alikuwa amekifikisha kikombe mdomoni. Mkono ulisimama. Polepole alikirudisha mezani, akakisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Umelala wapi?"

"Kitandani," alisema Masunga, na sasa hata yeye akahisi kuna kitu.

"Kitandani kwa mkwe," Nyamizi alisema taratibu. "Jasho la mkwe. Mimi sipiti hata kwenye mlango wa chumba anacholala mkwe wangu. Leo ninywe kilichotoka ndani ya blanketi lake?"

Mabula alikuwa na sharubu nyeupe tayari. Alitazama ndani ya kikombe chake, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimeshafika nusu."

"Blanketi nililifua Alhamisi," alisema Milembe. Uso ulimwaka. "Kwa maji ya moto. Na sufuria ina mfuniko, na taulo juu yake."

"Hata ungelichemsha hilo blanketi, mayu. Ni blanketi la mkwe."

Maisha yake yote Milembe hakuwahi kuambiwa kwamba kitu cha mikono yake kinatia kinyaa. Hasira ilimpanda. Mwanamke huyu, aliyekuja na mkojo kwapani, anausukuma mtindi wangu kwa kidole! Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, ndipo akamtazama Nyamizi vizuri. Matundu ya pua yalikuwa yamepanuka. Koo lilipanda na kushuka, likimeza mate yale mabaya. Uso ule aliujua. Ulikuwa uso wake mwenyewe kule Kiloleli.

Kisha akamtazama Scola. Alikuwa amelikumbatia sinia kifuani, akikitazama kikombe kile kilichosukumwa.

"Mkwe," alisema Milembe, "ngoja nikwambie ukweli. Wewe unalionea kinyaa blanketi langu. Mimi nakionea kinyaa kibuyu chako. Nilikuwa na miaka saba, nimesimama nyuma ya ng'ombe na kopo, ng'ombe akakohoa."

"Akakohoa?" aliuliza Nyamizi.

"Akakohoa. Na mimi nilikuwa nimefungua mdomo."

Mabula alicheka kwanza, mtindi ukamtoka puani, jambo ambalo Milembe angetamani asilione. Nyamizi alijizuia, mashavu yakajaa, kisha naye akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Maskini wee! Mdomoni?"

"Mpaka kooni."

Kicheko kilipoisha, vikombe viwili vilikuwa bado mezani, vimejaa, na wote walijua kwamba bila vikombe hivyo hakuna posa.

"Tunywe," alisema Nyamizi. "Wewe changu, mimi chako. Kwa pamoja, asibaki mtu wa kumwambia mwenzake. Ila baba Scola atoke nje kwanza. Siwezi kunywa namwona."

Masunga alitoka bila kubisha. Scola alihesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Milembe alifumba macho. Kwanza ulikuja moshi, kisha uchachu, kisha lile donge, laini, la mafuta, likateleza juu ya ulimi kama konokono. Halikutaka kushuka. Alilimeza, likarudi, akalimeza tena. Na nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, ikaja ladha ile ya miaka arobaini na moja iliyopita, haijabadilika hata kidogo. Machozi yalimtoka. Alipofungua macho, Nyamizi alikuwa amefumba ya kwake, shingo imenyooka, vidole vimeshika ukingo wa meza. Vikombe viliwekwa mezani kwa wakati mmoja, vitupu.

"Mtamu," alisema Nyamizi.

"Mazuri sana," alisema Milembe.

Baada ya hapo maneno yalikwenda haraka. Walikubaliana wanaume wa Nkoma waje kwa posa mara pamba ikishauzwa, na Scola akaenda jikoni kuchukua chakula, akalia huko peke yake, akarudi amenawa uso.

Wageni walipoaga, Milembe aliwasindikiza mpaka mlangoni, akapunga mkono, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba. Alisukutua kwa maji ya chumvi mara tatu, akakwangua ulimi kwa mswaki mpaka ukawasha. Alipoinua kichwa aliona kwenye upenyo wa uzio. Kule barabarani, nyuma ya mti wa mwarobaini, ambako Mabula hakuweza kumwona, Nyamizi alikuwa ameinama na chupa ya maji. Alisukutua, akatema. Akasukutua tena. Kisha akakunja ncha ya kanga kwenye kidole na kuusugua ulimi wake kwa nguvu.

Milembe alimtazama mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano tumbo lake likatulia.

"Scola!" aliita. "Huyo mama mkwe wako mtaelewana."

Lakini aliporudi sebuleni, kibuyu kilikuwa pale pale mezani. Nyamizi alikuwa amekiacha, zawadi ya nyumba, kikiwa na maziwa zaidi ya nusu. Nzi mmoja alikuwa anatembea juu ya gunzi, akisimama kila hatua kunawa mikono. Milembe alikiinua kwa vidole viwili, akakiweka mbali na gauni lake, akaenda nacho mpaka mlango wa pili.

"Klementina!" aliita. "Lete kile kikombe chako cha dagaa."