Siku Niliyopimia Injini ya Boti Kwenye Tangi la Ubatizo

Mkiniona siku hizi naketi kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, msidhani ni unyenyekevu. Ni aibu. Na kwa vile kila mtu hapa Karatina anaisimulia hii hadithi akiitia chumvi yake (kuna mama wa viazi sokoni anaapa kwamba injini ilishika moto na pasta akaizima kwa maombi), afadhali niwaambie mwenyewe vile ilikuwa.

Niko na bwawa. Si kubwa, liko chini ya shamba letu nje kidogo ya mji, na wikendi familia zinakuja kuchoma nyama huku watoto wakipanda boti yangu ya mbao, ambayo dereva wake ni mimi na injini yake ni mikono yangu. Kwa hivyo niliposikia kuna mtu wa Wang'uru anauza injini ya boti ya kitambo, zile two-stroke zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, usingizi uliniisha. Jamaa mwenyewe aliitwa Kariithi, fundi wa pampu za mashamba ya mpunga, na alisema injini ilitoka kwa mvuvi wa Naivasha ambaye alikuwa ameacha kazi. Kwa nini aliiacha sikuuliza.

Tukapatana ailete Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa vibaya sana, yaani wiki nzima nilitazama video kwenye simu, na hakuna kiumbe hatari kama mwanamume aliyetazama video. Nilijua sasa kwamba injini ya aina hiyo hainunuliwi kwa macho, lazima uione ikinguruma ndani ya maji. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na pikapu ya Kariithi ingezama matopeni kabla ya kuliona bwawa. Tukajaribu pipa langu la kunyweshea ng'ombe, lakini lilikuwa fupi na propela ikagusa chini. Tukabaki tunatazamana. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba niko na funguo za kanisa.

Niliwaambia nilikuwa shemasi? Basi nilikuwa, na kazi yangu ilikuwa kujaza tangi la ubatizo, lile la simiti nyuma ya kanisa letu, ambalo maji yake yanamfika mtu mzima kifuani. Nilikuwa nimelijaza jana yake, kwa sababu Jumapili hiyo wa kwanza kubatizwa alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Gathogo. Huyu mzee aliendesha lori za kabichi maisha yake yote, na kila akiambiwa habari ya ubatizo alijibu kwamba yeye si sukumawiki anyunyiziwe maji. Mama mkwe alikuwa amemwombea hadi magoti yakaota sugu. Sasa mzee alikuwa amekubali, sijui ni nini kilimgeuza, na mama mkwe akashona kanzu nyeupe na kualika ukoo mzima, hata dada zake wa Timau.

Kariithi akatazama tangi, akatazama msalaba ukutani, akaniuliza, "Boss, una uhakika hii ni sawa?"

"Maji ni maji," nikamjibu. (Hayo maneno wataniandikia kaburini.)

Tukalaza ubao ukingoni, tukaifunga injini juu yake, mguu wake ndani ya maji. Kabla ya kuiwasha nikaigusa, kama video ilivyosema. Ilikuwa vuguvugu.

"Mbona iko na joto?"

"Ni jua ya barabara," Kariithi akasema.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hadi ng'ombe wa jirani walikuwa wakisikika tu. Nikajua ameipasha njiani ili iwake haraka mbele yangu. Nikamwambia tungoje ipoe, tukanywa chai ya chupa, na ilipopoa nikavuta kamba, nikavuta tena, nikavuta hadi nikaona nyota, na yeye akavuta, ikakohoa tu. Basi mimi mtaalamu nikaamua injini kuukuu inataka oili zaidi, nikaongeza kwenye petroli, tena bila kupima. Ikawaka. Moshi wa buluu ukafunika ukuta wa kanisa, na yale maji yanayopaswa kuruka kwa nguvu nyuma ya injini kuonyesha kwamba inapoa yakawa yanadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikaizima, tukainua mguu wake, nikafungua skrubu ya giya nione oili. Ikatoka nyeupe-nyeupe, kama chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia ndani na hiyo giya haina maisha.

"Hii siinunui," nikasema.

Kariithi hakukasirika hata. "Sawa, wewe unajua vitu," akasema, akapakia injini yake akaenda. Nikasimama pale kifua mbele, mtu aliyekataa kuibiwa, halafu nikageuka nikaona tangi.

Oili ya giya, na ile ya moshi, na ile niliyoongeza kwa ujuzi wangu, zote zilikuwa zinaelea juu ya maji ya Bwana zikimetameta rangi za upinde wa mvua. Kubadilisha maji haikuwezekana, mifereji ya bomba ilikuwa imekauka kwa mgao wa maji. Nikachota kwa jagi, nikapitisha magazeti, na mwishowe nikajiuliza, sahani yenye mafuta huoshwa na nini? Nikamwaga sabuni ya unga, pakiti nzima. Jioni maji yalikuwa yametulia, yanapendeza, na sikumwambia mtu, hata bibi yangu.

Jumapili pasta akaingia kwenye tangi, na alipotembea akayakoroga, na povu likaanza kupanda. Akalitazama kidogo, akaendelea na maombi. Nafikiri alidhani vijana walikuwa wamesugua tangi. Mzee Gathogo akashuka ngazi na kanzu yake, akazamishwa, akainuka.

Alikuwa na ndevu za povu. Kanzu ilikuwa na mistari ya kahawia kifuani, na harufu ya petroli ikafika hadi kwa kwaya. Mmoja wa wale dada wa Timau alikuwa ameanza kupiga vigelegele, akavikatiza katikati. Mzee akajipangusa uso, akanusa vidole vyake polepole.

"Pasta," akasema, "mimi nimebatizwa ama nimefanyiwa service?"

Watu walicheka hadi wengine wakashikilia ukuta. Pasta hakucheka. Akauliza ni nani aliyejaza tangi, na macho yote yakanigeukia, mimi niliyesimama na taulo. Nilitaka kusema jambo la busara. Nilichosema, kwa sauti iliyosikika vizuri sana, ni, "Ni mimi, lakini injini sikuinunua."

Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza habari ya injini.

Mama mkwe aliketi chini kwenye nyasi akalia, na hapo ndipo kicheko kiliisha na mimi nikatamani ardhi inimeze. Nilimwendea mzee, aliyekuwa akijikausha kando ya ukuta, nikamwomba msamaha nikiangalia viatu vyangu. Nilikuwa na hakika atavaa koti arudi nyumbani, na maombi yote ya mama mkwe yaishie kwenye sabuni yangu. Akakamua pindo la kanzu.

"Oili ya giya ilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Kama chai ya maziwa, Baba."

"Basi ulifanya vizuri kuiacha." Akamtazama mkewe kule nyasini. "Sasa mwambie pasta twende mtoni. Mama yenu hatakubali hii ihesabiwe."

Tukaenda Ragati, kanisa lote kwa miguu, na hayo maji yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani, mzee akazamishwa mara ya pili na kutoka meno yakigongana, na mama mkwe akaimba kuliko kwaya. Mimi ushemasi niliuacha hapo hapo, kabla sijaombwa.

Kwa hivyo marafiki, injini kuukuu iguse kabla haijawashwa, fungua giya uone rangi ya oili, na usione haya kusema hapana. Hayo yote niliyafanya sawasawa. Lakini naapa, siku nyingine nikipima injini, kitu cha kwanza nitakachouliza ni haya maji ni ya nani.