Visanduku Badala ya Vipeuo

Juzi, kwenye steshenari moja ya Shelui, nilisimama nyuma ya mwalimu wa hisabati aliyekuja kuchapa mtihani. Wanafunzi wake walikuwa wameshakaa darasani wakiusubiri. Ukurasa wa mtihani ulipofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta, kila alama ya kipeuo ilikuwa kisanduku kitupu.

"Nichape hivyo hivyo, mwalimu?" aliuliza dada wa dukani.

"Hapana, dada. Mtoto atajuaje anaulizwa nini?"

Mwalimu akapigiwa simu kutoka shuleni. Akaikata.

Dada akafungua ukurasa uleule kwa kivinjari kingine. Alama zikatokea, na mwalimu akazipitia zote kwa kidole ndipo akasema, "Chapa."

Sisi wazazi ni wepesi kusema watoto hawajui hisabati. Tuulize kwanza kama swali lenyewe liliwafikia.