Mifugo ya Sebuleni kwa Seleina

Jirani yangu Seleina ana tangi la samaki sebuleni, na ukienda kwake kuomba chumvi utaondoka umefundishwa. Samaki wenyewe wanaitwa plati, wadogo kama kidole, na kwangu mimi wote walikuwa wekundu tu. Nilipomwambia hivyo, ilimkera. Akanivutia kiti, akaniambia nisianze na mwili, maana taa ya tangi hudanganya. Nianze na mkia. Mwekundu mwenye mkia na mapezi meusi ni aina yake. Mwenye madoa matatu kwenye shina la mkia, moja kubwa na mawili madogo, ni aina nyingine. Mwenye ubavu mweusi kama aliyevaa koti, nyingine tena. Nilirudi nyumbani na somo, chumvi nikaisahau.

Seleina hufua mashuka kwenye nyumba ya wageni hapa Mikumi. Baba yake, Mzee Koileken, ni mfugaji upande wa Kilosa, na hapo ndipo penye kidonda. Mzee akiwapigia simu wanawe wa kiume, husalimia kama ilivyo desturi yao: watu hawajambo, watoto je, mifugo je? Akimpigia Seleina, anaishia kwenye watoto. Binti aliyeolewa mjini hana ng'ombe, sasa aulizwe nini? Siku moja alijikaza akamwambia kwamba anafuga samaki. Mzee akauliza kama amefikia hatua ya kula samaki, kitu ambacho kwao hakiliwi. Tangu hapo hakukanyaga kwake. Seleina, mcheshi yule, kila simu ya baba ikikatika alikuwa anapooza mpaka unamwonea huruma.

Masika ya mwaka huu mzee alileta ng'ombe mnadani hapa Mikumi, mvua ikamzuia kurudi. Akaja. Seleina aliinamisha kichwa, akaguswa utosini kwa salamu ya kwao, akaleta chai ya maziwa. Mzee akaiweka kando bila kuionja. Mimi nilikuwepo, kwa umbea tu, sitaficha.

Mwanzoni alitazama ukuta. Lakini mtu aliyewajua ng'ombe wake kwa rangi maisha yote hawezi kukaa mbele ya kundi akaendelea kutazama ukuta. Akauliza yule mwenye koti anaitwaje. Seleina akasema dukani wanamwita tuksido, yaani suti. Mzee akaguna: mnyama gani anapewa jina la nguo? Yule mwekundu mtupu akamwita Nyokie, kama ng'ombe mwekundu anavyoitwa kwao. Yule wa mabaka ya rangi mchanganyiko, mwenye tumbo kubwa, akamwita Sambu. Muda si mrefu alikuwa amesogeza kiti, pua inakaribia kioo, anabishana na binti yake kuhusu nani ana mapezi meusi kweli na nani ni kivuli tu. Walibishana kama wako zizini. Nilifurahi hata kusahauliwa.

Ndipo Sambu akatoa kitu kidogo chenye macho, nacho kikaogelea.

"Kumbe huyu hatagi?" mzee akauliza.

"Anazaa, baba. Ngoja niwatenge watoto."

"Hata sisi tunatenga ndama."

"Nyie mnaogopa watamaliza maziwa. Mimi naogopa watamalizwa wao, hata mama yao anawala."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Akachukua chai yake, iliyokwisha kupoa, akainywa yote na kuomba nyingine.

Wiki iliyofuata tulikuwa uani tunaanua nguo simu ikaita. Seleina, mikono imejaa mashuka, akaniomba niweke spika. Mzee akamuulizia mume, akawaulizia watoto. Seleina akaanza kuaga, kama alivyozoea.

"Subiri," mzee akasema. "Na mifugo?"

Seleina akakaa chini palepale, mashuka yote mapajani. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Wazima, baba," akajibu. "Sambu hajambo, na watoto wake wanakua."