Hirizi Ndani ya Joho la Kwaya

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya mashindano ya kwaya pale Bariadi mjini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Ngulyati. Sauti nilikuwa nayo, na majivuno yalitosha wilaya nzima. Kwaya ya Kiloleli ilikuwa imetushinda miaka miwili mfululizo, nami nilikuwa nimeapa kwamba mwaka ule hawatuwezi.

Unatujua sisi Wasukuma na mashindano. Kwenye ngoma za baada ya mavuno, manju, yule kiongozi wa waimbaji, haingii uwanjani bila dawa yake. Nami, niliyebatizwa nikiwa bado nanyonya, nilikwenda kwa mganga. Akanipa kifundo cha dawa nikishone ndani ya pindo la joho, akanionya kuwa nikikitoa kabla ya kuimba, sauti yangu itakauka moja kwa moja. Usicheke. Nilimwamini mganga yule kuliko nilivyowahi kumwamini Mungu.

Aliyekigundua ni Mayu Minza, mama mjane aliyetunza majoho yetu. Alikuwa anayapiga pasi ya mkaa nyuma ya kanisa tulikofikia, kidole kikamkwama kwenye pindo langu. Akaniita pembeni.

"Ng'wana wane," akasema taratibu, kama mama na mwanawe, "huyu unayemwimbia, unamjua?"

"Mayu, mimi nimebatizwa. Na kipaimara nimepata."

"Sijakuuliza cheti. Nimekuuliza kama unamjua."

Kusema kweli nilimjua kama unavyomjua mkuu wa wilaya: jina lake unalo, gari lake umeliona likipita, lakini hajawahi kula kwenu. Nikamwomba Mayu akitoe yeye kile kifundo. Akakataa, akanipa wembe.

"Umekishona mwenyewe," akasema. "Kitoe mwenyewe, au panda nacho jukwaani."

Nilikaa kwenye benchi nimeushika ule wembe. Sikuwa na ng'ombe wala elimu ya maana, mwanangu. Kuimba ndiko kulikonifanya niitwe mtu. Wenzangu walikuwa wananiita, kwaya moja tu ilikuwa imebaki kabla yetu. Hapo nikaomba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Si zile sala za kukariri. Niliomba kwa Kisukuma, kama mtu anayegombana na baba yake: kama upo, mimi nakata, na sauti ukitaka ichukue. Nikakata uzi.

Nikatoka na kifundo mkononi, nikawaonyesha wanakwaya wote na kuwaambia nilichofanya. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alilia kwa hasira. Wakanivua uongozi palepale, msaidizi wangu akawaongoza, mimi nikaketi na wasikilizaji.

Wakaimba wimbo niliowafundisha mwenyewe, wa Yesu kumwita mtu aliyejificha. Noti zake zote nilikuwa nimezinyoosha, ila maneno yake sikuwahi kuyasikia. Siku ile niliyasikia. Nikajua ni mimi ninayeitwa, machozi yakanitoka mbele ya watu wa Kiloleli, na wala sikujali. Kwenye kibwagizo cha mwisho nikafungua mdomo pale nilipoketi. Sauti ikatoka.

Kiloleli walishinda tena. Mimi nilirudi nyumbani mtu mwingine, na tangu hapo sijageuka. Nimezika watoto wawili. Pamba imeniungulia shambani kwa jua, ndugu wakaja kunishauri nikaangalie kwa mtaalamu, yaani mganga. Niliwakaribisha ugali, wakala, nikawaambia siendi.

Basi wewe unayekwenda kanisani kwa kuwa ndiko wanakokwenda kwenu, usitosheke na imani ya baba yako. Haitakutosha siku ya shida. Mtafute Mungu wewe mwenyewe, umwambie ukweli kwa lugha unayoitumia ukiwa na njaa au hasira. Na kile unachokiweka akiba endapo Mungu atachelewa, kiache leo. Usingoje hofu iishe kwanza, kwa sababu haiishi.

Mungu akupe uso wa kumtazama pasipo kuficha kitu, mwanangu, na magoti magumu ya kukaa hapo mpaka ajibu. Amina.