Sahani ya Othieno

Asubuhi hiyo tulikuwa tunang'oa karanga nyuma ya nyumba yetu, Rubongi, karibu na Tororo, mimi na kaka yangu Othieno. Mama, mjane, alikuwa amekwenda Busia kuuza vitunguu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kitabu nimekificha ndani ya shati, kwa hiyo kazi yangu ilikwenda polepole.

"Profesa," Othieno akasema, "karanga haing'oki kwa kusomewa."

Milio ya bunduki ilipoanza hatukuinua vichwa. Ukikulia jirani na kambi ya jeshi, risasi za asubuhi ni mazoezi. Tukaamua kumaliza mstari. Nimesoma vyuo viwili tangu siku hiyo, na sijafanya ujinga uliouzidi ule mstari wa karanga.

Waasi walitokea upande wa mtama.

Tukakimbia.

Othieno alipigwa pajani, akaanguka nyuma yangu. Aliita mara moja. Niligeuka, nikamwona mtu amesimama juu yake na bunduki.

Nikaendelea kukimbia. Mlio ulipotoka niligeuka tena. Othieno hakuwa anasogea.

Siku ya tatu nilimkuta Mama ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, kwenye baraza ya duka lililojaa wakimbizi. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema tulipotezana njiani.

Kwetu, mtu akifia vitani na mwili wake usionekane, huzikwa shina la mgomba badala yake. Lakini ukoo haukubali kuzika mpaka mtu asimame na kusema: nilimwona akifa. Hakuna aliyesimama. Tuliporudi Rubongi hatukukuta mwili wala kaburi, na Mama akaanza kumwekea Othieno chakula kila jioni, sahani imefunikwa. Asubuhi aliwamwagia kuku. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande.

Mimi nikawa mtaalamu. Niliandika makala kuhusu majeraha ya vita yasiyoonekana. Nilialikwa kwenye hoteli moja Tororo kuwafundisha wakimbizi waliotoka nchi nyingine jinsi ya kusema yaliyowapata. Mama mmoja alilia, nami nikamsifu kwa ushujaa wake. Walinipigia makofi. Nikanywa soda yao, nikarudi nyumbani, nikaipita ile sahani mezani.

Mwaka jana Mama aliugua. Akasema hataki kuzikwa kabla ya mwanawe. Aliyasema hayo akiangalia ukuta.

Nikasimama mbele ya ukoo, nikasema nilichokiona. Baba mdogo, ambaye siku zote hunitania kwamba digrii zangu hazijui kukamua ng'ombe, safari hii hakutania.

"Miaka yote hiyo, Okoth?" aliuliza. Basi.

Tulikata mgomba, tukauvisha shati, tukauzika pale palipokuwa na karanga. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Jioni Mama aliiosha sahani, akaipanga na zingine. Nikamwomba msamaha. Akasema alijua zamani, tangu ile baraza ya Busia, kwa jinsi nilivyokuwa nalia usingizini nikisema Othieno anaita.

"Sasa hiki chakula, Mama? Ulikuwa unamngojea nani?"

"Mimi nilikuwa nangoja wewe."

Akajifuta mikono. Kisha akauliza alichokuwa amekibakiza kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Alimwita nani?"

"Alikuita wewe, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala, akalala mpaka jua likatoka. Mimi nilikaa mezani. Othieno alikuwa ameita jina langu.